Gia Nyepesi, Goti Salama

Miongoni mwa mazoezi ambayo madaktari huwashauri watu wenye shinikizo la damu, kisukari na unene wa kupindukia, kuendesha baiskeli ni mojawapo ya yaliyo bora. Moyo na mapafu hupata kazi, ilhali magoti hayabebi uzito wote wa mwili kama wakati wa kukimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma.

Hata hivyo, wengi huanza kwa bidii na baada ya majuma machache huiegemeza baiskeli ukutani kwa sababu ya maumivu ya goti. Mara nyingi kosa si la goti, ni la gia. Juma hili tutajifunza namna ya kuchagua baiskeli yenye gia zifaazo kazi mbili: mazoezi bila mzigo, na safari ukiwa na mzigo.

Kilima cha Lamu

Tuchukue mfano wa Lamu. Watu hudhani kwamba mahali palipo tambarare hapahitaji gia nyepesi. Ni kweli Lamu haina milima ya kutisha. Lakini vilima vyake ni viwili visivyoonekana kwenye ramani: mchanga na upepo.

Katika njia za mchanga za visiwa vya Lamu, Manda na Pate, tairi huzama na baiskeli huwa nzito ghafla. Ng'ambo, bara, iko barabara ya lami kutoka Mokowe kupitia Witu hadi Garsen. Huko mchanga si tatizo, lakini msimu wa kusi, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, anayeelekea Witu hupigwa na upepo kwa mbele na ubavuni. Ongeza mzigo hapo. Mtu aliyefunga mitungi minne ya maji ya lita 20 kwenye keria ana kilo 80 nyuma yake, sawa na kumbeba mtu mzima.

Hesabu ya gia

Gia ni hesabu ya meno tu. Hesabu meno ya giriwili ya mbele, kisha ugawanye kwa meno ya giriwili ya nyuma. Jibu ni idadi ya mara ambazo gurudumu la nyuma huzunguka kila unapozungusha pedali mara moja.

Tutazame baiskeli ya kawaida ya mzigo, ile iitwayo Black Mamba, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu lake la inchi 28, kila mzunguko wa pedali huisogeza kama mita 5 na nusu. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, utakwenda kasi ya kilomita 26 kwa saa. Ni mwendo mzuri kwenye lami, bila mzigo wala upepo.

Sasa weka mzigo, na upepo ukukabili, mwendo ushuke hadi kilomita 10 kwa saa. Pedali zitazunguka mara 30 tu kwa dakika, na kila msukumo utakuwa wa kukaza meno. Kwa mwendo huo huo, mwenye baiskeli ya gurudumu la inchi 26, yenye meno 28 mbele na 28 nyuma, atazungusha mara 80, na nguvu anayotia kila anapokanyaga ni ndogo kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Safari ni ile ile, lakini goti la pili limehurumiwa.

Kwa nini goti huumia

Unapokanyaga pedali kwa nguvu, msuli wa paja huvuta pia ya goti na kuikandamiza juu ya mfupa wa paja. Gegedu lililo katikati yake huvumilia mikandamizo midogo mingi kuliko mizito inayorudiwa kwa saa nyingi. Hivyo basi, lenga kuzungusha pedali mara 70 hadi 90 kwa dakika. Anayeanza aridhike na 60. Ukishuka chini ya 50, badilisha gia kabla goti halijalalamika.

Chagua hivi

Dukani, wengi huuliza, “Ina gia ngapi?” Uliza badala yake, “Gia yake nyepesi kabisa ni ipi?” Baiskeli ya gia 21 yenye giriwili za mbele za meno 28, 38 na 48, na za nyuma kuanzia 14 hadi 28, yatosha mazoezi na mzigo wa wastani. Gia nzito ya 48 kwa 14 itakupa mbio za kutosha.

Kwa mizigo mikubwa, giriwili ndogo ya mbele iwe na meno machache kuliko kubwa ya nyuma, kwa mfano 24 mbele na 34 nyuma. Fundi aweza kubadilisha giriwili za nyuma, lakini ahakikishe kwamba cheni ni ndefu ya kutosha na kibadilisha gia kinaimudu. Mwenye Black Mamba naye asikate tamaa: akibadilisha meno 18 ya nyuma kwa 22, kazi ya mguu hupungua kwa karibu moja ya tano.

Kabla ya kulipa, funga mzigo kwenye keria na ujaribu penye mchanga au mwinuko. Ukilazimika kusimama juu ya pedali, baiskeli hiyo si yako.

Mambo ya kuzingatia

• Rekebisha kiti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huashiria kiti kilicho chini mno au gia nzito. Ya nyuma, kiti kilicho juu mno.
• Chumvi ya bahari hula cheni. Ioshe kwa maji baridi, uikaushe na kuipaka mafuta.
• Beba maji. Anayetumia insulini abebe pia kitu kitamu.
• Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.
• Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, simama na utafute msaada mara moja. Goti likivimba au kukwama, usilifunge kitambaa na kuendelea; nenda hospitali.

Lamu yote wajua kwamba punda aliyetwikwa kupita kiasi hafiki mbali. Goti nalo ni vivyo hivyo. Lipunguzie mzigo kwa gia nyepesi, nalo litakubeba miaka mingi.