Dondoo muhimu: Kabla ya kununua kadi ya picha
Mhariri wa video za harusi Kitale au Bungoma anayetumia kompyuta ya mezani ya mtumba asikimbilie kadi kubwa ya picha; aanze kwa kukagua pawa saplai. Tundu la PCIe, ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 pekee, hivyo kadi isiyodai waya wa ziada wa umeme, kama aina nyingi za GTX 1650, ndiyo inayofaa mashine kama hiyo. Apime pia nafasi ndani ya kasha. Utasema video ya 4K, yenye pikseli mara 4 ya 1080p, inadai nguvu zaidi. Ni kweli, lakini mara nyingi kinachokwamisha kazi ni RAM ndogo na diski ya zamani. Fikisha RAM GB 16, weka SSD, kisha hariri kwa nakala nyepesi za video. Ubora kamili utaupata unapotoa video ya mwisho.