Bonde la Mto Rhône: Jinsi Watu wa Milima ya Alpi Wanavyogawana Maji

Wasomaji wetu wakaao kando ya Kilimanjaro waijua sana mifongo, yaani mifereji waliyoichimba Wachagga tangu zamani ili kuyateremsha maji ya mlima mpaka mashambani. Leo twapenda kuwaeleza habari za bonde moja la Ulaya, katika nchi ya Uswisi, ambako watu wasiopata kuonana na Wachagga walipatwa na shida iyo hiyo, nao wakaitafutia dawa iliyo karibu sawa.

Mto Rhône huanza katika barafu juu ya milima ya Alpi, ukateremka kuelekea magharibi katikati ya safu mbili za milima mirefu. Ufikapo mji wa Martigny hugeuka ghafula kuelekea kaskazini, ukaingia katika ziwa la Léman. Kisha hupita Ufaransa mpaka bahari ya Mediterania. Sehemu ya juu ya bonde hilo ndiyo jimbo la Valais. Karibu na hapo ipo barafu ya Aletsch, iliyo kubwa kupita zote za Alpi, ambayo urefu wake ni kama kilomita 20. Mwaka wa 2001 nchi ile ya Aletsch iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu aweza kudhani kwamba palipo na barafu nyingi namna hiyo hapana ukame. Sivyo. Milima ya pande zote mbili huyazuia mawingu, na mvua huishia huko juu. Katika mji wa Sion, ulio chini bondeni, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 tu. Basi wakati wa jua kali, mashamba ya majani na mizabibu hukauka, na huku maji ya barafu yanapita katika makorongo yasiyofikika.

Kwa sababu hiyo, tangu zaidi ya miaka 700 iliyopita, watu wa Valais walianza kujenga mifereji waiitayo bisse. Mahali pa udongo walichimba. Mahali pa majabali yaliyosimama wima walitoboa mashimo katika mwamba, wakapachika magogo, na juu ya magogo wakalaza mabirika ya mbao, maji yakapita yakining'inia hewani. Watu wa Savièse walijenga mmoja wa namna hiyo kiasi cha mwaka 1430, wakautumia mpaka ulipotobolewa mlima na kupitishwa maji ndani yake mwaka wa 1935. Kila mwaka baada ya theluji kuyeyuka iliwapasa kwenda kutengeneza palipoharibika, na wako walioanguka majabalini wakafa.

Lakini kujenga si kazi yote. Kazi kubwa ni kugawana. Wenye mashamba walifanya chama, na kila mmoja alipewa zamu yake ya saa kadha wa kadha, mchana au usiku. Katika vijiji vingine haki hizo zilikatwa kwa alama juu ya vijiti, hata asiyejua kusoma aliweza kuitambua haki yake. Mlinzi aliwekwa kuuangalia mfereji. Ndani ya maji palitiwa gurudumu lenye nyundo, nalo lilipozunguka nyundo iligonga ubao. Mlinzi alipoacha kusikia mlio, alijua kwamba maji yamekatika, akaenda mbio kutafuta pengo.

Kwa malisho pia walikuwa na sheria. Mwaka wa 1517 watu wa kijiji cha Törbel walikataza mtu yeyote kupeleka malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Hivyo tajiri hakuweza kununua ng'ombe wengi wakati wa joto ili kuwamalizia wenziwe majani.

Si kila jambo walilolitenda lilikuwa jema. Mbuzi-mwitu wa Alpi, wenye pembe ndefu, waliwindwa hata wakaisha katika nchi yote ya Uswisi katika karne ya 19. Mbegu ilisalia Italia tu, katika milima ya Gran Paradiso, na kutoka huko ndiko walikorudishwa baadaye. Tai mkubwa mwenye ndevu naye aliuawa akatoweka katika Alpi, mpaka watu walipoanza kumrudisha mwaka wa 1986.

Siku hizi bonde lina hatari nyingine. Dunia imezidi joto, na katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu za Uswisi zilipungua kwa sehemu moja katika kumi. Tarehe 28 Mei 2025, katika bonde dogo la Lötschental ambalo mto wake huingia Rhône, mawe na barafu viliporomoka vikakifunika kijiji cha Blatten. Mtu mmoja alikufa. Wenyeji, kiasi cha 300, walikuwa wamekwisha kuhamishwa siku chache kabla, kwa sababu mlima ulikuwa ukiangaliwa na onyo lilitiiwa. Nyumba zilipotea, bali watu walisalimika.

Mwezi wa Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, nchi ya Botswana, elimu hii ya kumwagilia mashamba kwa desturi za kale, ya Uswisi na ya nchi nyingine sita za Ulaya, iliandikwa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kilichoheshimiwa si mbao na mawe, bali maarifa na mapatano ya watu.

Haya yatuhusu sisi pia, kwani barafu ya Kilimanjaro nayo yapungua, na maji ya mifereji hugombewa. Mfereji usiokuwa na zamu huleta ugomvi, na usiokuwa na mlinzi hukauka. Wazee wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi kila kijiji chenye mfereji na kijiulize: ni nani kwetu asikilizaye mlio wa nyundo?