Marehemu Ameacha Matatu Arobaini za Kadibodi

Kufikia siku ya tatu ya matanga, watoto wa wageni huwa wamechoka kukaa kimya. Mmoja analiona kabati la vioo pale sebuleni, analifungua, na kabla ya jioni basi dogo la namba 58 limeshakimbizwa sakafuni hadi jikoni na kurudi. Kioo cha mbele kimebanduka. Kile kijitaa cha bluu chini ya bodi hakiwaki tena. Hamna anayemkemea mtoto. Watu wazima wamezama katika hesabu za jeneza, za basi la kwenda mazishini na za deni la hospitali, na kile kigari wanakiona kama anavyokiona mtoto: kitu cha kuchezea.

Aliyekiunda alikaa nacho miezi miwili, akikata manila kwa wembe usiku baada ya kazi.

Mitaa ya Eastlands, Nairobi, toka Buruburu na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, ina mafundi na wakusanyaji wa namna hii wengi kuliko majirani zao wanavyojua. Wapo wanaounda nganya, yaani matatu zilizorembwa, kwa umbo dogo, kwa kadibodi, plaiwudi nyembamba na plastiki za chupa, wakiiga gari fulani linalojulikana njiani, mpaka jina lake, picha ubavuni na maandishi ya nyuma. Wapo wasiounda chochote, ila wamekusanya vigari vya kiwandani, Matchbox, Hot Wheels na Dinky, walivyochomoa kimoja kimoja kwenye marundo ya soko la Gikomba. Wapo wazee wenye vigari vya mashindano ya Safari Rally tu: Lancer ya Joginder Singh iliyoshinda 1974 na 1976, au Datsun za Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Makala haya ni ya watu hawa, na zaidi yao, ni ya wake zao, waume zao na watoto wao watakaobaki na kabati.

Nianze na jambo ambalo familia nyingi hukosea wiki ile ile ya msiba. Mali ya marehemu haigawanywi matangani. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kuchukua, kuuza au kuchezea mali ya aliyefariki bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sijui kama kuna binamu aliyewahi kufungwa kwa kuondoka na Land Rover ya kadibodi chini ya kwapa. Lakini kifungu hicho kinampa mjane maneno ya kusema mlangoni bila kuonekana mchoyo: "Tungoje, mambo haya ni ya korti." Maneno yasipotosha, kifungu cha 46 kinampa chifu na naibu wake wajibu wa kuchukua hatua za kuilinda mali ya marehemu wakiombwa na mwenye haki nayo. Kwa hiyo siku ya kwanza fungeni kabati na mumpe funguo mtu mmoja. Pigeni picha kila rafu kwa simu, karibu kiasi cha kusomeka majina ya magari. Picha zile zitasaidia baadaye, kwa maana msimamizi wa mirathi hutakiwa kuipa korti orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi sita tangu apewe hati yake.

Je, mkusanyo ni wa nani kama hakuna wosia? Hapa sheria ina kona ambayo watu wengi hawaioni. Kama marehemu ameacha mke au mume pamoja na watoto, kifungu cha 35 kinampa yule aliyebaki vitu vya binafsi na vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali nyingine yote ataitumia maisha yake, kisha iende kwa watoto. Na vitu vya nyumbani ni vipi? Sheria yenyewe inavitaja: nguo, fanicha, picha, mapambo, vyombo na vingine vya aina hiyo. Inatoa vitu viwili nje: gari, na kitu chochote kinachohusu biashara au kazi ya marehemu. (Gari linalosemwa hapo ni lile la kutia mafuta. Msibishane.)

Sasa tazama tofauti. Mwalimu mstaafu wa Jericho aliyepanga Matchbox zake ukutani kwa kujifurahisha ameacha mapambo ya nyumba, na mapambo ni ya mjane moja kwa moja. Kijana wa Umoja aliyekuwa akipokea oda na kupeleka kazi kwa wateja ameacha akiba ya biashara, pamoja na visu, rangi na vipande, na hivyo vinaingia katika mali ya jumla. Kabati moja laweza kuwa na vyote viwili: rafu ya juu ya moyo wake, rafu ya chini ya wateja. Ni yeye tu anayejua mpaka uko wapi. Asipouandika, ndugu watauchora wenyewe, kila mmoja mahali panapomfaa.

Kwa waliooa wake wengi, kifungu cha 40 hugawa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, kila mke aliye hai akihesabiwa kama mmoja zaidi. Kwa asiye na mke wala mtoto, na mafundi wengi wa kazi hii ni vijana, urithi hupanda kwa wazazi, kisha kwa ndugu. Kwa Waislamu, na wako wengi Majengo na Eastleigh, mambo hufuata sheria ya Kiislamu na yanaweza kupelekwa kwa Kadhi: wosia hauzidi theluthi ya mali, na kilichobaki kina mafungu yake yanayojulikana.

Katika orodha hizo zote hutamwona rafiki. Yule jirani aliyeshika taa huku marehemu akiunganisha nyaya, anayejua gundi ipi ilitumika wapi, sheria haimtambui hata kidogo. Kama unataka mkusanyo, au hata kigari kimoja, kiende kwake, sharti useme ukiwa hai, na useme kwa namna inayokubalika.

Namna hiyo si ngumu wala si ya matajiri. Wosia wa maandishi unahitaji mtu mzima mwenye akili timamu, saini yake au alama yake ya kidole, na mashahidi wawili wanaotia saini. Si lazima uende kwa wakili, ingawa pakiwa na nyumba au shamba ndani yake ni busara kwenda. Hadhari moja: usimfanye yule rafiki kuwa shahidi. Zawadi kwa shahidi au kwa mwenzi wake huanguka, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya watu wawili, lakini una maisha mafupi: ukipita miezi mitatu ukingali hai, umekufa wenyewe. Njia ninayoipendelea mimi ni rahisi zaidi. Toa ukiwa bado unapumua. Mpe rafiki yako zile tano anazozitamani Jumapili hii, mbele ya mkeo, na mambo yaishe.

Pasipo wosia, familia huenda kortini kuomba barua za usimamizi. Huanza na barua ya chifu inayotaja warithi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na hati huthibitishwa baada ya miezi sita hivi. Mali ikiwa ndogo, ofisi ya Mdhamini wa Umma, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, yaweza kuisimamia. Kodi ya urithi Kenya haipo, ingawa ada za korti zipo. Na madeni hulipwa kabla mrithi hajapata chochote: mteja aliyetuma nusu ya bei kwa M-PESA na hajapata nganya yake ni mdai kama wadai wengine.

Lakini korti si tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa ni mwenye nyumba. Wengi wetu Eastlands ni wapangaji, na mwisho wa mwezi haungoji Gazeti la Serikali. Mjane anarudi kutoka kuzika mashambani, kodi imedaiwa, na katika haraka ya kuhamia chumba kidogo zaidi, kitu cha kwanza kukosa nafasi ni "zile toy za baba". Za chuma huishia kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, kwa kilo. Za kadibodi huwashiwa jiko. Ndiyo sababu napendekeza kila mwenye mkusanyo awe na masanduku mawili au matatu yenye kifuniko, yaliyoandikwa kwa kalamu nzito, yanayotosha kila kitu chake. Kilicho ndani ya sanduku huhama. Kilichotawanyika rafuni huachwa.

Na awe na daftari. Ukurasa mmoja kwa kila gari: limetoka wapi, lilitengenezwa na nani, mwaka gani, liliigwa kutoka gari lipi na la njia ipi, limegharimu kiasi gani, ni lake au ni la kuazima. Mwishoni aandike namba za watu watatu wanaojua thamani ya vitu hivi, ili mjane asimtegemee mnunuzi mwenyewe kumwambia bei.

Kwa nini nasisitiza gari lililoigwa? Kwa sababu nganya halisi haidumu. Hupakwa rangi upya, huuzwa, hubadilishwa jina. Kanuni za Michuki, zile za usalama wa matatu, zilipoanza kufanya kazi 2004, magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro mingi ya miaka ya tisini ikatoweka barabarani. Aliyeunda nganya ya mtaa wake mwaka 2002 kwa kadibodi na rangi za kuchorea huenda ana kumbukumbu pekee yenye pande zote nne ya gari lililobeba mtaa mzima kwenda kazini. Bila daftari, hiyo ni kadibodi yenye rangi.

Kuhusu kuuza, nina machache. Msiuze katika wiki za msiba, na msiuze zote pamoja kwa mtu anayesema "nitawasaidia kuondoa". Magari ya kiwandani yageuzeni: jina na nchi viko chini ya tumbo. Mwaka ulioandikwa chini ya Hot Wheels ni wa kubuniwa kwa umbo, si wa kutoka kiwandani, kwa hiyo msimtajie mnunuzi mwaka huo kwa kujigamba. Boksi la asili huongeza bei sana, hata likiwa limechakaa, nalo ndilo huwa la kwanza kutupwa. Na msipake rangi upya! Gari kuukuu lililopauka lina thamani zaidi kuliko lile lililong'arishwa kwa brashi ya mlango.

Wengine hawataki kuuza, wanataka mkusanyo ukae pamoja mahali watu watauona. Ni tamaa njema, na Kenya ina kisa chake. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa: maelfu ya vitabu, vingine vya kabla ya 1900, stempu, vinyago, nguo, mapambo. Hakutaka viende ng'ambo, akaiuzia Serikali mkusanyo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba pangekuwa kituo cha masomo ya Afrika. Vitu vingi vilisalimika, na leo waweza kuviona katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa katikati ya jiji na katika Nairobi Gallery. Nyumba haikusalimika, ilibomolewa. Murumbi alifariki 1990. Ikiwa mtu wa cheo kile, aliyeafikiana na Serikali yenyewe, hakupata yote aliyoyatarajia, wewe wa Kayole usikabidhi sanduku kwa kupeana mikono tu. Dai barua inayosema nini kimepokewa, kitawekwa wapi, na kama taasisi ikichoka nacho kitarudishwa kwa nani.

Kama marehemu alikuwa mtu wa reli, na Makongeni na Muthurwa zilijengewa watu wa reli, ulizeni Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi kama watapokea garimoshi lake dogo. Kwa nganya za mtaa ningeuliza kwanza karibu na nyumbani. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa chini ya shirika la Book Bunk, hutembelewa na wasomaji ambao wazazi wao walipanda magari hayo. Tano zilizochaguliwa vizuri, zenye maelezo, ni rahisi kupokewa kuliko arobaini zenye vumbi.

Wakati mnaamua, zitunzeni. Toeni betri zote leo, maana huvuja na kula nyaya. Msiweke sanduku chini ya mabati, joto la mchana hulegeza gundi, wala sakafuni wakati wa masika, maana unyevu utafuatwa na mchwa, na mende hupenda gundi ya unga. Dinky za kabla ya Vita vya Pili zikianza kupasuka zenyewe, ugonjwa uko ndani ya metali yenyewe na hauna dawa. Zitengeni, mziuze au mziache kama zilivyo.

Kitabaki kile kilichokuwa mezani. Karibu kila fundi hufa na gari moja halijakwisha: bodi imesimama, viti havijaingia, karatasi ya vipimo iko chini yake. Familia hulitupa kwanza kwa kuwa halionekani kuwa kitu. Likusanyeni pamoja na vipimo vyake, visu vyake na vipande vilivyokatwa tayari, kila kitu kwenye katoni moja, mumpelekee yule jirani aliyekuwa akishika taa. Nawe unayeunda, usiku wa leo kabla ya kulala, andika kando ya vipimo ni rangi gani ilikuwa ifuate.