Daktari Aliyekaa

Ndugu msomaji, somo letu la mwezi huu ni juu ya kazi ya utabibu, na hasa juu ya mtu mmoja aliyeifanya kwa muda mrefu katika nchi ya kusini, Daktari Leader Stirling. Hakuwa Mwislamu. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa kuwa najua wako wasomaji, hasa walioingia karibuni katika dini na wale ambao bado wanatafuta, watakaouliza: Je, yafaa gazeti la dini kujaza kurasa zake kwa habari za mtu wa dini nyingine? Jawabu lake si gumu. Tumefundishwa kuwashukuru watu wanaotutendea wema, wala mafundisho hayo hayakututaka tuulize kwanza mtenda wema husali wapi. Katika nchi ya Lindi Waislamu na Wakristo hukaa kijiji kimoja na huchota maji kisima kimoja, na homa ikiingia haibagui nyumba.

Stirling alizaliwa Uingereza tarehe 19 Januari 1906. Wakati huo nchi ya kusini ilikuwa ikiungua. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, na watu walikuwa wamepewa maji yaliyosemwa kuwa ni dawa ya kuzigeuza risasi za Wadachi. Risasi hazikugeuka. Baada ya vita ikaja njaa, nayo iliua watu wengi kuliko bunduki. Wala tusiwacheke wazee wale, kwani mtu aliyeonewa hushika dawa yoyote anayopewa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba daktari aliyefika miaka 30 baadaye aliwakuta watu ambao baba zao walikwisha kuahidiwa dawa, na ahadi ile waliilipia kwa roho zao.

Alifika mwaka 1935, katika misheni ya Waanglikana iitwayo UMCA, huko Masasi na Lulindi. Siku hizo makao ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi mjini. Atokaye Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu ilimlazimu kuuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yakishuka njia ilikuwa haipitiki. Basi fikiri mwenyewe: daktari wa bara ya Lindi akipungukiwa na dawa mwezi wa Machi, atamtuma nani, na apite wapi? Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Humo ndimo alimopasua watu.

Tena maradhi aliyoyakuta hayakuwa ya kungoja. Palikuwa na malaria, safura na kichocho. Palikuwa na buba, ugonjwa unaowatoa watoto vidonda mwilini na usipotibiwa hula mifupa. Palikuwa na ukoma, ambao katika miaka ile haukuwa bado na dawa ya hakika, hata mgonjwa akatengwa na nduguze kwa hofu tu. Na katika pwani yote ile, tangu Kilwa mpaka Mikindani, yalikuwapo matende na mabusha, ambayo wengi waliyadhania kuwa ni laana au ni matokeo ya kunywa maji ya madafu. Leo twajua ya kuwa huletwa na vijidudu vinavyochukuliwa na mbu. Mtu mwenye busha kubwa hawezi kulima wala kupanda mnazi, naye huona haya kukaa na wenzake. Upasuaji mmoja, usio wa ajabu, humrudisha shambani. Ndugu msomaji, kazi ya daktari wa bara kwa sehemu kubwa ni ya namna hii. Haina sifa ya kuandikwa magazetini, lakini kwa mwenye busha lile ni kama kuzaliwa mara ya pili.

Sasa twafika penye kiini cha somo letu. Daktari mmoja ana mikono miwili, naye hulala usiku. Akifa au akirudi kwao, nani atashika kisu? Stirling aliona kwamba haitoshi kutibu, lazima kufundisha. Akaingia katika kazi ya kuwafunza vijana wa nchi ile uuguzi, wakati ambapo wakubwa wengi wa kikoloni walidhani Mwafrika yafaa apewe ufagio wa wodini na basi. Mimi naona hapa ndipo ulipo wema wake mkubwa, kuliko upasuaji wote alioufanya. Aliyeponywa amepata faida yake. Lakini aliyefundishwa atawaponya watu ambao mwalimu wake hatawaona kamwe.

Mwaka 1949 aliingia katika madhehebu ya Kikatoliki, akaenda kufanya kazi katika misheni ya Wabenediktini huko Mnero, upande wa Nachingwea. Waweza kuwazia jinsi ilivyo kazi kumwambia aliyekupokea kwa miaka 14 kwamba moyo wako umekwenda kwingine. Wasomaji wetu waliobadili dini watalielewa jambo hili bila ya kuelezwa. La kuangalia ni hili: alibadili madhehebu, lakini wagonjwa wake hakuwaacha, alikaa bara ile ile ya kusini, akatibu miaka 15 mingine.

Na wakati huo huo Nachingwea palikuwa na kelele nyingine. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta mpango mkubwa wa karanga tangu 1947, matrekta yakanguruma porini, ikajengwa reli kutoka Mtwara, zikamwagwa paundi kwa mamilioni. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuvunjika, na katika miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Matrekta yakaenda zake, na daktari wa Mnero akabaki.

Zilipokuja chaguzi za 1958 na 1959, ambazo mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, Stirling alisimama upande wa TANU, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru akawa raia wa nchi hii. Alikuwa pia Skauti Mkuu. Alitoka Mnero 1964, akatibu Kibosho, Kilimanjaro, kwa miaka mitano, na mwaka 1975 Rais Nyerere akamfanya Waziri wa Afya, kazi aliyoishika hadi 1980.

Alikuta njia imekwisha kulimwa. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaondoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Kwa mtu aliyekuwa ameona safura ya Lulindi, choo kilikuwa ni dawa kamili.

Hata hivyo si yote ya wakati wake yaliyofaulu. Sheria ya 1977 ilikataza hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, huku zile za misheni zikiruhusiwa. Nia ilikuwa njema, kwa maana mgonjwa si bidhaa. Lakini Serikali haikuwa na madaktari wala dawa za kutosha kuziba nafasi ile, na mwaka 1991 milango ilifunguliwa tena. Nadhani yapasa tuliseme hili waziwazi, kwani kumheshimu mtu si kuficha hesabu zake.

Daktari Stirling alifariki tarehe 7 Februari 2003, naye alikuwa na umri wa miaka 97. Mwaka huo huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, na gari la wagonjwa likaweza kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam pasipo kungoja kivuko cha Ndundu.