Somo la Usalama: Kubadilisha Komeo la Tundu la Kuchajia Gari la Umeme

Ni saa kumi na moja alfajiri. Gari limechajiwa usiku kucha, watoto wako tayari na mikoba ya shule, lakini plagi imekataa kutoka kwenye gari. Wengi wetu hapo hushika plagi kwa mikono miwili, huegemeza mguu kwenye bampa na kuvuta. Tafadhali usifanye hivyo. Somo la toleo hili linahusu kifaa kidogo kinachoishika plagi hiyo, yaani komeo: linavyofanya kazi, linavyobadilishwa, na mahali ambapo mwenye gari anapaswa kuweka bisibisi chini na kumwita fundi.

Kwenye magari mengi ya umeme, kando ya tundu la kuchajia kuna mota ndogo yenye pini. Ukichomeka plagi, mota husukuma pini ili plagi isichomolewe umeme ukiwa unapita. Chukua mfano wa Nissan Leaf, gari ambalo Wakenya wengi hulinunua likiwa limetumika Japani. Plagi yake ya kuchaji polepole ina kibonyezo cha kidole gumba. Ukikibonyeza, gari hupata taarifa na kukata umeme kabla plagi haijatoka. Kwenye miundo yenye komeo, kazi ya komeo ni kuzuia kibonyezo hicho kisibonyezwe ovyo.

Plagi ikitoka umeme ukipita, cheche huruka na kuunguza pini. Umeme wa nyumbani wa volti 240 hubadili mwelekeo na kufika sufuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche yake huelekea kuzimika upesi. Umeme wa vituo vya kuchaji haraka huenda upande mmoja tu. Haupiti sufuri, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ndiyo maana komeo lililovunjika si kitu cha kufungwa kwa waya ukaendelea na safari.

Kabla ya kununua kifaa kipya, hakikisha la zamani limekufa kweli. Wanaotumia barabara za murram wanajua vumbi na matope yanavyojaa kila pembe ya gari, na mara nyingi brashi laini iliyo kavu inatosha kulifungua komeo lililokwama. Betri ndogo ya volti 12 ikiwa dhaifu, mota ya komeo pia hushindwa. Magari mengine yana swichi ya kufunga plagi, na huenda mtu aliibonyeza bila kujua. Plagi ikikwama, simamisha chaji, zima swichi ya ukutani, kisha fungua milango kwa ufunguo, kwa kuwa magari mengi huachilia plagi hapo. Likikataa, soma kitabu cha gari. Baadhi ya magari yana kamba ya dharura ya kulivuta komeo kwa mkono, na kitabu ndicho kinachoonyesha ilipo. Usiivute kamba hiyo chaji ikiendelea.

Sasa tutenganishe kazi tatu ambazo watu huziita kwa jina moja. Kitasa cha kifuniko cha nje ni springi na plastiki tu, na mtu mwenye mkono mzuri anaweza kukibadilisha. Komeo lenye mota hutumia volti 12, lakini limekaa jirani na nyaya nene za rangi ya chungwa. Tundu lenyewe, pamoja na nyaya hizo, ni kazi ya fundi aliyefunzwa magari ya umeme peke yake. Betri kubwa ya Leaf za mwanzo ina takriban volti 360. Hiyo inaua, hata gari likiwa limezimwa na halijachomekwa popote.

Kwa komeo lenye mota, anza kwa kuchomoa plagi na kuzima gari. Weka ufunguo mbali, ndani ya nyumba, ili gari lisiamke mtu anapopita nao. Vua saa na pete. Ondoa waya wa hasi wa betri ya volti 12. Fungua plastiki inayofunika sehemu hiyo na utazame kabla ya kugusa. Ikiwa komeo linafikika bila kusogeza waya wa chungwa wala kulegeza tundu, unaweza kuendelea. Kama halifikiki, simama hapo. Fundi ataondoa plagi ya usalama inayokata betri kubwa, ambayo kwenye Leaf iko sakafuni mbele ya viti vya nyuma. Atasubiri angalau dakika 10 umeme uliobaki upungue, kisha atapima kwa mita akiwa amevaa glavu za mpira za volti 1,000. Glavu za kuoshea vyombo si mbadala wake, na fundi anayesema hazihitaji glavu mtafutie mwenzake.

Piga picha ya komeo la zamani kabla ya kulitoa, kisha linganisha namba yake na ya jipya. Makomeo mawili yanaweza kufanana kwa umbo na yasikubaliane na gari moja. Achanisha soketi ndogo kwa kubonyeza klipu yake, usivute waya. Rudisha mpira wa kuzuia maji mahali pake, maana maji yakiingia humo utarudi kazini masika yajayo. Usipake grisi wala mafuta kwenye pini za chaji.

Ukirudisha waya wa betri ndogo, chomeka plagi swichi ya ukutani ikiwa imezimwa. Funga na ufungue komeo mara kadhaa, ukisikiliza mota. Likifanya kazi, washa umeme na ukae hapo kwa dakika 15. Gusa sehemu ya plastiki ya plagi. Joto kidogo ni la kawaida. Ikiwa ni moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, au unasikia harufu ya plastiki inayoungua, zima swichi ya ukutani na usichaji tena mpaka fundi akague tundu lote.