Pete Isiyopondeka: Kufundisha Ishara kwa Riwaya ya Kate Chopin

Mwanachuo aendaye kufundisha hadithi kwa mara ya kwanza hukabiliwa na kishawishi kimoja: kuandika ubaoni orodha ya ishara na maana zake. Ndege ni uhuru, tundu ni utumwa, bahari ni uhuru tena. Wanafunzi hunakili na kukariri, na siku ya mtihani huyarudisha maneno yale yale. Hadithi yenyewe hawajaisoma. Makala haya yanaonyesha njia nyingine, kwa kufuata kitu kimoja kidogo katika riwaya ya Kate Chopin iitwayo The Awakening, yaani Kuamka, iliyotolewa Marekani mwaka 1899. Riwaya hii si ya watoto wa shule ya msingi. Ni ya mwalimu mwenyewe, ajizoeze kwayo. Njia atakayoipata itamfaa hata kwa ngano fupi ya Darasa la Nne.

Edna Pontellier ana umri wa miaka 28, ni mke wa mfanyabiashara tajiri wa New Orleans na mama wa watoto wawili wa kiume. Mumewe, Léonce, hampigi wala hamnyimi kitu. Wanawake wenzake husema hakuna mume bora kuliko huyo. Hapo ndipo penye ugumu. Msomaji aliyezoea kumwona mkandamizaji akiwa na fimbo mkononi atauliza: mama huyu analalamikia nini? Asitafute jibu katika hotuba za wahusika. Atazame vitu.

Aanze na pete. Mwanzoni mwa riwaya, wakiwa mapumzikoni Grand Isle, Edna anarudi kutoka kuoga baharini, uso umechomwa na jua. Mumewe anamtazama kama mtu atazamaye mali yake iliyopata hitilafu. Kisha Edna ananyosha mkono bila kusema neno, naye Léonce anatoa pete mfukoni mwake na kuzidondosha kiganjani mwa mkewe. Msomaji mwenye haraka hupita hapo asione kitu.

Baadaye, mjini, Edna anaacha desturi ya kukaa nyumbani kila Jumanne kupokea wageni. Léonce anakasirika, anakilaumu chakula, anaondoka kwenda kula klabuni. Akiwa peke yake chumbani, Edna anaivua pete ya ndoa, anaitupa chini na kuikanyaga kwa kisigino. Haipondeki, wala haipati hata alama. Anachukua chombo cha maua cha kioo, anakivunja mahali pa kuotea moto. Mtumishi wa kike anaingia kwa hofu, anaanza kuokota vigae, anaiona pete na kumpa bibi yake. Edna anaivaa tena.

Sasa mwalimu asiulize, "Pete ina maana gani?" Akiuliza hivyo, atajibiwa kwa Kiswahili safi kuwa wapendanao ni kama chanda na pete, na somo litakuwa limekwisha kabla ya kuanza. Aulize: Pete iko wapi? Nani kaishika? Nani kairudisha? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kwanza ilikaa mfukoni mwa mume, kisha ikawa chini ya kisigino, kisha ikarudi kidoleni. Kioo huvunjika, pete haivunjiki. Hasira ya mtu mmoja haitoshi kuivunja. Sheria ya Louisiana ya wakati ule, yenye mizizi katika sheria za Ufaransa, ilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe hata katika mambo ya mali.

Wala tusimsahau yule aliyeokota vigae. Edna anapata nafasi ya kuasi kwa kuwa wanawake wengine wanafagia nyumba yake na kuwalea wanawe. Yaya wao ana asili ya Kiafrika, na hata jina hakupewa. Chopin hakulifafanua jambo hilo, na kwa maoni yangu ndilo pungufu kubwa la kitabu chake. Mwanafunzi akiligundua, apewe muda.

Ishara nyingine zisomwe vivyo hivyo. Edna anahamia nyumba ndogo iliyo karibu sana na ile kubwa, nayo inaitwa banda la njiwa kwa udogo wake. Mwanafunzi aliyefuga njiwa atakuambia kwamba njiwa huruka, lakini jioni hurudi bandani. Léonce, akiwa mbali, anatangaza gazetini kuwa nyumba kubwa inafanyiwa matengenezo, ili watu wasishuku mambo yake ya fedha.

Mwisho wa riwaya ndio mgumu kufundisha. Edna anarudi Grand Isle, anamwona ndege mwenye bawa lililovunjika akianguka majini, anavua nguo na kuogelea mbali asirudi. Wahakiki wengi wa 1899 walikishutumu kitabu. Chopin alifariki 1904, na kikasahauliwa kwa muda mrefu, hata mtaalamu wa Norway, Per Seyersted, alipochapisha maandishi yake yote mwaka 1969. Tangu hapo wasomaji wamebishana. Mwalimu asiharakishe kukiita kifo hicho ushindi, wala asikiite adhabu ya mke mkaidi. Darasani mna wasichana wanaosikiliza kwa makini atakalosema. Awagawe wanafunzi katika makundi, kila kundi lirudi kitabuni kutafuta sentensi inayounga mkono hoja yake, na kundi lisilopata sentensi likae kimya mpaka liipate.