Redio ya Mzee Bado Inasema

Sisi wa pwani tunaijua chumvi. Ikila msumari wa mashua, itaiacha redio? Hapa Mkwaja utakuta bado redio za National, za miaka ile zilipokuwa zikiundwa Dar es Salaam. Redio za namna hiyo ndizo vikundi vilizozisikiliza mwaka 1973 katika masomo ya "Mtu ni Afya".

Redio ikikwaruza, usikimbilie kwa fundi. Fungua kwanza mahali pa mawe. Ukiona unga mweupe kwenye vyuma, hiyo ni dawa iliyovuja. Usiishike kwa mkono mtupu. Toa mawe, futa vyuma kwa kitambaa chenye ndimu kidogo, kisha kausha kabisa. Jiwe moja lina volti 1.5, manne ni volti 6. Ukichanganya jipya na chakavu, lile chakavu huvuja mapema.

Na kuanika mawe juani je? Wote tumefanya! Joto huamsha nguvu kidogo iliyobaki, redio inasema, halafu mawe yanatapika dawa ndani. Kesho yake mvuvi hana taarifa ya hali ya hewa, anaingia baharini kwa kubahatisha.

Televisheni ya chogo nayo inafaa, ila mitambo ya zamani ilianza kuzimwa Desemba 31, 2012, kwa hiyo inataka king'amuzi. Waya wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Mgongo wake usiufungue hata ukiwa umeichomoa. Kioo chake huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti. Hapo mwachie fundi.